Banda la nguzo linainama, linavuja, linaliwa na mchwa: uanzie wapi

Mimi si fundi wa kusomea, mimi ni mkulima wa mahindi hapa Bweyale, Uganda, ambaye alichoka kulala na magunia sebuleni, nikaamua kujijengea banda la nguzo za kalitunsi (mkaratusi) na mabati, futi 20 kwa 40, mimi na shemeji yangu na vijana wawili wa kuchimba. Kazi ilichukua wiki tatu. Mvua ya kwanza tu banda likaanza kulalamika, na tangu hapo nimelifungua na kulifunga mara nne, alafu watu wakasikia na sasa naitwa kuangalia mabanda yao kuanzia Kigumba mpaka karibu na Karuma. Karibu kila mara nakuta mwenye banda yuko juu ya paa na nyundo, anapigilia bati, wakati ugonjwa uko chini shimoni.

Kwa hivyo kabla hujanunua hata msumari mmoja zunguka banda lako na kamba ndefu, timazi (jiwe kwenye uzi linatosha), bisibisi kubwa na ule mpira mwembamba wa maji unaoonekana ndani, wa kupimia usawa. Zunguka siku ya jua, alafu zunguka tena mvua ikinyesha, na hiyo ya pili ndio watu wanairuka manake nani anataka kulowa. Nusu ya majibu iko kwenye hiyo mvua.

Kitu kingine, miongozo mingi ya mabanda ya aina hii inatoka Marekani, kule ardhi inaganda kwa baridi na kusukuma nguzo juu, ndio maana wanapima kina cha shimo kwa barafu. Sisi hatuna barafu, tuna mchwa, tuna ule upepo unaotangulia mvua, na tuna udongo unaokunywa maji mpaka unalegea kama uji. Vipimo vyao chukua, lakini sababu zao waachie wenyewe.

Nguzo zinaegemea

Hii ndio naulizwa sana, na watu wanasema "banda limeinama" utadhani kuinama ni kwa aina moja. Rudi nyuma hatua kama thelathini, funga jicho moja, angalia mstari wa nguzo. Je, ni nguzo moja peke yake imetoka kwenye mstari? Au zote zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo? Au za kushoto zinaenda kushoto na za kulia zinaenda kulia kana kwamba banda limechoka linataka kukaa? Hayo ni magonjwa matatu, dawa ya moja haiponyi lingine.

Alafu fanya kipimo cha mguu. Mtu mmoja asukume nguzo kwa nguvu kwenye usawa wa kifua, wewe piga magoti uangalie pale inapoingia ardhini. Ukiona udongo unafunguka mwanya, hata wa upana wa kucha, shida iko shimoni. Kama mguu umetulia na kinachocheza ni kichwa tu, shida iko kwenye viungo vya juu na hakuna sababu ya kuchimba chochote.

Nguzo moja iliyotoka kwenye mstari mara nyingi ni shimo fupi. Kijana wa kuchimba akifika futi mbili anakutana na murram (udongo wa changarawe) ngumu anasema hapa ni mwamba bosi, na wewe jua limekuchoma unakubali. Kwa nguzo yenye futi 10 juu ya ardhi mimi nataka futi 4 chini, na za kona sipunguzi hata inchi. Au shimo lina kina kizuri ila limejazwa vibaya, yaani ule udongo mweusi wa juu wenye majani na mizizi umerudishwa wote kwa mara moja ukakanyagwa na buti, basi mvua ikija unashuka na kuacha nafasi, nguzo inabaki kama kijiko kwenye kikombe. Jaza murram yenye unyevu kidogo, inchi 6, shindilia na kipande cha nguzo mpaka kirudishe mlio mgumu, ongeza inchi 6 nyingine, shindilia tena, hivyo hivyo mpaka juu. Inachosha, najua. Mimi nguzo zangu 10 za pembeni zilinila siku mbili nzima za kushindilia tu.

Zikiwa zimelala zote upande mmoja kwa kiasi kile kile na miguu imetulia, basi banda halina mikono, namaanisha zile mbao za mshazari kati ya nguzo na boriti. Msumari peke yake kwenye kiungo cha nguzo na boriti ni bawaba, unazuia isianguke ila hauzuii isizunguke. Weka mkono kila kona na kila nguzo ya pili, ushuke futi 3 kutoka boriti na uende futi 3 kwenye boriti, hapo mbao yenyewe itatoka kama futi 4 na inchi 3, ufunge kwa bolti ya milimita 12 kila mwisho. Na iwe kwa pande zote mbili, kwa urefu wa banda na kwa upana, manake nimeona banda lenye mikono mizuri kwa urefu alafu upepo ukaja wa ubavuni likalala kama kadi.

Zikiwa zinatanuka nje pande zote mbili, angalia juu utakuta makombamoyo (mbao za mteremko zinazobeba paa) yamekutana kileleni lakini hakuna mbao ya chini inayoyaunganisha kutoka boriti hii mpaka ile. Uzito wa paa unasukuma vichwa vya nguzo nje kidogo kidogo kila siku. Hapo hata ukichimba futi 6 utakuwa umepoteza jasho, funga mbao ya kuvuta kwenye kila jozi ya makombamoyo, na ifungwe chini karibu na boriti, maana ukiipandisha juu kileleni ili upate nafasi ya kupitisha magunia haitafanya kazi yake.

Kunyoosha sasa. Fungua misumari ya mikono iliyopo kama ipo, chimba upande ule unaotaka nguzo irudi, mpaka karibu chini kabisa, alafu vuta polepole. Tafadhali usifunge kamba kwenye pikapu, gari linashtua, jirani yangu alivunja boriti mbili kwa kupiga klachi moja tu. Azima cheni bloku (kifaa cha cheni cha kuvutia na kunyanyulia), au kama huna chukua kamba mara mbili kutoka kichwa cha nguzo mpaka kigingi kizito, ingiza kijiti kigumu katikati ya zile kamba mbili usokote, utashangaa nguvu yake. Kama mstari mzima umelala vuta mstari mzima, nguzo moja inchi moja, unaenda ya pili inchi moja, unarudi. Vuta upitishe kidogo zaidi ya wima manake ukiachia itarudi. Funga mikono kwanza kabla hujaachia kamba, shindilia, alafu ndio uachie.

Nguzo zinaliwa chini

Dalili ni njia za udongo zinazopanda nguzo, au nguzo ukiigonga inalia debe, au huoni kitu kabisa mpaka siku ng'ombe akijikuna nayo inakatika. Chukua ile bisibisi, fukua udongo kuzunguka nguzo inchi 6 mpaka 8, choma. Sehemu mbaya kuliko zote ni pale pale kwenye usawa wa ardhi na chini yake kidogo, manake hapo kuna unyevu na hewa kwa pamoja, na kuoza kunataka vyote viwili. Chini kabisa futi 4 mara nyingi unakuta mbao nzuri tu. Bisibisi ikiingia robo inchi pole, bado una muda. Ikiingia kama kwenye ndizi iliyoiva hiyo nguzo imekufa, inasimama kwa sababu paa limeishikilia.

Kuoza na mchwa si kitu kimoja. Iliyooza inamegeka laini, ina harufu ya uyoga. Iliyoliwa na mchwa ina vyumba ndani vimejazwa udongo na ngozi ya nje inabaki nzima, mchwa ana heshima hiyo, hakuoneshi aibu yako mbele ya watu.

Sasa sababu. Ya kwanza ni kalitunsi mbichi isiyotibiwa kwenda moja kwa moja shimoni, ambayo ndio nguzo ya bei rahisi, na kama una mchwa kwenye shamba hesabu miaka miwili mitatu. Ya pili, mafuta machafu ya injini. Hii nitasema kwa uchungu manake mimi nilipaka nguzo zangu za kwanza zote, jerikani nzima kutoka kwa fundi wa magari, nikajiona mjanja. Mafuta yanakaa kwenye ngozi, hayaingii ndani, ngozi ikipasuka kwa jua mchwa anapita kwenye ufa. Mzee mmoja Mnubi jirani yangu aliona nguzo zangu akacheka mpaka akashika mbavu: "Mwanangu, wewe umewakaangia."

Ya tatu ni ile inayouma zaidi, nguzo umenunua kama "iliyotibiwa" na bado inaliwa. Nguzo iliyotibiwa kwa dawa ya kijani inasukumiwa dawa kwa presha kwenye tangi, na dawa inaingia kwenye ile mbao nyeupe ya nje, moyo wa ndani wa kalitunsi unakataa dawa. Kwa hivyo mwombe muuzaji akukatie kipande kidogo cha mwisho. Iliyotibiwa kweli utaona pete ya kijani yenye unene, imezunguka mbao nyeupe yote. Iliyochovywa tu utaona kijani chembamba kama rangi ya kucha. Mimi nilishauziwa za kucha, muuzaji simtaji, na niliporudi na kipande mkononi akaniambia ndugu ni jua limefifisha.

Na hata ukiwa na nguzo halali unaweza kuiharibu mwenyewe: imekuwa ndefu unaikata msumeno, alafu ule mwisho uliokatwa unauweka shimoni. Umefungua mlango moja kwa moja kwenye moyo usio na dawa. Mwisho uliokatwa siku zote unakaa juu na unafunikwa na bati au kopo. Vipande vilivyobaki usipikie, moshi wake na majivu yake yana sumu ya aseniki, na usitengenezee hori la ng'ombe kulambia.

Kufunga mguu wa nguzo na kaveera (mfuko wa plastiki) ili maji yasiingie? Hapana. Maji yanaingia kwa juu kupitia nyufa za mbao alafu yanakaa humo humo. Zege nalo lina ujanja wake, ukilijaza likaishia chini ya usawa wa ardhi linageuka kikombe, nguzo ikikauka inasinyaa, inaacha mwanya, na kikombe kinajaa. Kama unatumia zege lipandishe juu ya ardhi inchi 2 na ulilaze kama kofia, maji yakimbie nje. Chini ya nguzo weka kitako cha zege au jiwe bapa ili uzito usizame.

Kama kwenu kuna miti ya lusambya (mti wa asili, Markhamia) tumia hiyo, wazee walijua kwa nini. Mchwa anaijaribu anaiacha.

Ukiwa tayari unao ndani, bomoa zile njia za udongo, toa maganda na vipande vya mbao vyote vilivyozikwa karibu (vijana wanapenda kufukia takataka kwenye shimo la nguzo, huko ni kumwekea mgeni chakula mlangoni), sogeza rundo la magunzi mbali, na weka dawa ya mchwa ya duka la kilimo kwenye mfereji mdogo kuzunguka nguzo kwa kipimo cha karatasi yake, ukiwa na glavu, mbali na kisima. Jivu linachelewesha tu. Kuchimba malkia kunasaidia ukimpata, ila uliza kwanza, vichuguu vingine vina wenyewe wanaovuna kumbikumbi kila msimu na utaamsha kesi kijijini kwa ajili ya nguzo moja.

Nguzo iliyokufa si lazma ubomoe banda. Egemeza boriti kwa nguzo mbili za muda, moja kila upande, kila moja juu ya ubao mpana chini na kabari mbili za kupishana, gonga kabari taratibu mpaka uone boriti imepumua kama upana wa shilingi. Kata ile mbovu futi moja juu ya sehemu iliyooza, chimba kisiki, mimina kisiki cha zege kipandishe juu ya ardhi, ndani yake ukiwa umezamisha vyuma viwili bapa vyenye matundu, subiri wiki moja ukimwagilia maji, alafu keti nguzo juu yake na ufunge bolti. Hiyo sasa haigusi ardhi tena. Nimefanya tatu namna hiyo, na natamani ningefanya zote hivyo toka siku ya kwanza.

Mabati yanapiga kelele, au yameshaondoka

Banda wazi ni mwavuli, upepo unaingia chini na kusukuma juu wakati ule unaopita juu ya paa unalinyonya. Banda lililozibwa pande tatu na kufunguliwa upande mmoja unaotazama upepo ndio baya kuliko yote, upepo unaingia haupati pa kutokea. Kama lako ni la hivyo acha nafasi ya wazi juu ya ukuta wa nyuma.

Paa likishang'oka usikimbilie kuokota mabati, angalia kwanza pameachana wapi. Kama papi (zile mbao za kupigilia bati) zimebaki na misumari imesimama juu yake, basi bati limechanika kwenye kichwa cha msumari, hukuweka washa za mpira au misumari ilikuwa michache. Kama papi zimebaki na misumari imeondoka na bati, misumari ilikuwa mifupi au mbao ilikuwa mbichi, ikakauka, ikaachia. Kama papi zimeruka pamoja na mabati kiungo kibovu ni cha papi na kombamoyo, kawaida msumari mmoja tu, funga utepe wa chuma, ule wanaouita hupu ayani dukani, upite juu ya papi ushuke pande zote za kombamoyo. Paa zima likiwa limepinduka na makombamoyo yake kwenye shamba la jirani, kosa ni kwenye boriti. Na nguzo zikiwa zimechomoka kama karoti, tunarudi kwenye yale mashimo ya futi mbili.

Kwenye hizo nguzo za kona mimi napitisha nondo fupi mbili za msalaba chini kabisa kabla ya kumwaga zege, basi zege linaushika mguu, nguzo haichomoki. Sehemu uliyotoboa ipake dawa.

Nafasi kati ya papi na papi kwa bati la geji (kipimo cha unene) 30 isizidi futi 3. Kumbuka namba ya geji inaenda kinyume, 28 ni nene kuliko 30, usije ukauziwa 32 ukaambiwa ni kubwa.

Linavuja

Uliza kwanza linavuja lini. Kama ni asubuhi yenye jua na usiku hakukunyesha, halivuji. Ni jasho. Bati linapoa usiku, hewa yenye unyevu inagusa, inageuka maji, na kama ndani umeweka mahindi mabichi au ng'ombe wengi unyevu ni mwingi. Utapigilia paa hilo mpaka Krismasi. Fungua nafasi kileleni chini ya kofia (bati linalofunika kilele) na pembeni chini ya paa ili hewa itembee, na mahindi yakaushwe hadi asilimia 13.5 kabla hayajaingia. Huna mashine? Weka chumvi kavu kabisa kwenye chupa kavu na mahindi mkono mmoja, tikisa dakika chache, acha itulie, chumvi ikigandia kwenye kioo mahindi bado.

Kama ni mvua yoyote na sehemu ile ile, panda na jerikani ya maji, mwingine abaki chini. Mwaga kuanzia chini ya paa ukipanda juu polepole, ukianzia kileleni maji yatapita kila mahali na hutajua kitu. Utakuta ni msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo, au uliopigwa kwa hasira bati likabonyea na sasa kuna kidimbwi kuzunguka washa, au tundu la msumari uliokosa papi fundi akaunyofoa akanyamaza. Haya matundu matupu ziba kwa kipande cha mpira na lami. Tembea juu ya mistari ya misumari tu, na ubao chini ya miguu.

Kama linavuja mvua ya upepo peke yake, ni mpishano. Mabati yanatakiwa kuanza kuwekwa mwisho ule ulio mbali na upepo, ukija kuelekea upepo unakotoka, ili mdomo wa mpishano uupe upepo mgongo. Yakiwa yamewekwa kinyume upepo unapuliza maji ndani. Au mteremko ni mdogo, kwa kila futi 12 za mlalo paa lipande angalau futi 3. Mwenye paa la karibu bapa sina habari njema kwake, ni kuinua upande mmoja.

Bati lenye kutu kwa ndani juu ya ng'ombe ama kuku ni hewa ya mkojo na samadi. Safisha na uinue paa ukijenga lingine.

Boriti imelegea katikati

Vuta kamba kutoka mwisho mpaka mwisho uone imeshuka kiasi gani. Ama nguzo ziko mbali, futi 12 na zaidi na boriti ya mbao ya inchi mbili kwa nne, ama kiungo cha boriti kimeangukia hewani kati ya nguzo badala ya juu ya nguzo. Au ilikuwa mbichi, ikakauka huku imebeba mzigo, ikakumbuka hilo umbo, na ikishakauka hivyo hainyooki tena hata uibembeleze. Weka nguzo ya ziada katikati, juu ya kitako. Nguzo na boriti zikaushwe kivulini miezi miwili mitatu, zimeinuliwa juu ya mawe, zimetolewa ganda, na ncha zifungwe waya zisipasuke sana.

Milango haifungi, mabati yanaisha mshazari

Banda si mraba. Pima kona kwa kona, zile mbili za mshazari zilingane. Kama zimepishana inchi moja mbili ishi nayo. Kama ni futi, mabati hayatakubali kamwe, kata ya mwisho kwa mshazari na ufunike. Wakati wa kujenga tumia kamba, 6 upande huu, 8 upande ule, 10 katikati.

Ndani ni matope

Maji ya paa yanadondoka mguuni mwa nguzo zako, ndio hizo hizo zinaoza. Paa litoke nje futi 2, weka gata upate na maji ya kunywesha mifugo, chimba mfereji upande wa mlimani, inua sakafu inchi 6 kwa murram iliyoshindiliwa. Banda la ng'ombe liwe refu mashariki kwenda magharibi, jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwa ubavu mzima.

Radi

Hii haina dalili ndio maana naiweka. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 shule ya msingi ya Runyanya, hapa hapa wilaya yetu ya Kiryandongo, na Novemba 2024 huko Palabek, Lamwo, iliua watu 14 waliokusanyika kwa maombi. Bati juu ya nguzo za mbao halina njia ya kupeleka umeme ardhini, unaruka kupitia chochote kilicho chini, mtu ama ng'ombe. Banda likusaidie kwa mvua, si kwa radi. Ngurumo zikianza toka humo uingie jengo imara lenye nyaya za umeme na mabomba, au gari la bati lililofungwa, na usifunge waya wa fensi ya ng'ombe kwenye nguzo za banda. Kuweka waya wa shaba wa kushusha umeme mpaka ardhini mwite fundi umeme anayeijua hiyo kazi, hii moja usijifanyie.

Kazi zote za kuchimba ziache mpaka Desemba hadi Februari, ardhi ikiwa imekauka na mzigo wa mahindi umeshauzwa. Mimi mwenyewe nguzo yangu ya kona upande wa choo bado inaegemea inchi mbili, nimeifunga mkono wa muda na kamba ya katani, na kila asubuhi nikienda kuoga naiangalia, nayo inaniangalia. Cheni bloku nimeshaongea na jamaa wa gereji, ameniambia nije na shilingi na jogoo mmoja, Januari.